Baiskeli ya Milimani Usambara: Mwongozo Kamili wa Kupanda, Kushuka na Kuzifaidi Njia za Vijijini

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami inayojikunja ubavuni mwa mlima na kukupandisha karibu mita 1,000. Ukiwa ndani ya basi utaona kona tu. Ukiwa juu ya baiskeli utajua mahali hasa joto la bondeni linapokatika, mahali mkonge unapoipisha migomba, na kona ambayo sauti ya maji ya Soni huanza kusikika kabla maporomoko yenyewe hayajaonekana.

Baiskeli inakwenda kwa kasi ambayo bado unaweza kusalimiana na mtu, kusimama panapouzwa plamu, kisha ukaendelea bila kumwomba dereva ruhusa. Inakupeleka mbali kuliko miguu, na inapita mahali gari halipiti. Lakini raha hiyo haiji yenyewe. Anayepanda milima kwa gia nzito na kushuka kwa breki za wasiwasi hataona kitu zaidi ya gurudumu lake la mbele. Ufundi wote nitakaoueleza hapa una kazi moja: kuyaweka macho yako huru ili uitazame nchi unayopita.

Nimeichagua Usambara Magharibi, wilaya ya Lushoto mkoani Tanga, kwa sababu sijui mahali pengine Tanzania penye njia nyingi namna hii zinazofaa baiskeli ya milimani. Uliyojifunza hapa utayatumia Uluguru, Upare, Taita nchini Kenya au Kigezi nchini Uganda bila kubadilisha mengi.

Mahali na majira

Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Mji wa Lushoto, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vingi viko juu zaidi ya hapo. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa takribani nyuzi 6, kwa hiyo mtu anayetoka Dar es Salaam akitokwa jasho huweza kutafuta sweta jioni hiyohiyo.

Jambo linaloifanya nchi hii iwe hazina kwa mwendesha baiskeli ni msongamano wa watu na mashamba yao. Karibu kila kijiji kimeungana na kingine kwa njia zaidi ya moja: ipo ya magari, ipo ya pikipiki, na ipo ya miguu inayokata mashambani kwenda sokoni, shuleni au kisimani. Ya magari itakufikisha. Ya pikipiki ndiyo bora kwa anayejifunza, kwa kuwa imeshindiliwa ikawa ngumu na ina upana wa kutosha. Ya miguu ndiyo tamu kuliko zote, lakini si kila moja inafaa baiskeli, na wenyeji watakwambia ukiwauliza.

Miezi mizuri ni Juni hadi mwanzoni mwa Oktoba, halafu Januari na Februari. Masika ya Machi hadi Mei si wakati wa kujaribu. Udongo mwekundu ukilowa hunata kwenye tairi, hujaa kati ya gurudumu na fremu, na baiskeli hugoma kabisa kuzunguka. Utaibeba begani kilomita nzima. Vuli, Oktoba hadi Desemba, inavumilika ukianza mapema, maana mvua mara nyingi hungoja mchana. Juni na Julai ni kavu lakini baridi ya asubuhi huuma vidole hadi breki zikawa ngumu kukamatika, kwa hiyo chukua glavu.

Hatua ya kwanza: baiskeli yenyewe

Ile baiskeli nyeusi ya chuma yenye gia moja hufika vijijini kote huku, na wanaoitumia huisukuma mlima mzima ikiwa na gunia la viazi. Nawaheshimu. Lakini kwa safari ya kujifurahisha unahitaji vitu vitatu, na mpangilio wake ndio huu: breki, gia nyepesi, matairi mapana. Springi zinakuja nafasi ya nne. Watu wengi huanza na springi kwa sababu zinaonekana, kisha wanarudi nyumbani na baiskeli nzito inayonesanesa kila ikikanyagwa. Springi za mbele zinasaidia kupunguza mtikisiko mikononi. Springi za nyuma za bei ya chini ziache kabisa.

Breki za diski ni bora panapokuwa na matope, lakini breki za raba zinazobana rimu zinatosha ikiwa raba ni mpya na waya hazijaanza kufumuka. Gia nyepesi maana yake ni hii: gia ndogo kuliko zote mbele iwe na meno machache kuliko, au angalau sawa na, gia kubwa kuliko zote nyuma. Meno 22 mbele na 34 nyuma yatakupandisha kila mahali. Upana wa tairi uwe inchi 2 au zaidi, lenye vijino vilivyo wazi ili udongo udondoke.

Wengi wetu tunanunua mtumba, na mtumba mzuri unazidi baiskeli mpya ya bei nafuu. Dukani usiangalie rangi. Anza na fremu: pitisha kidole kwenye kila maungio, hasa chini ya shingo ya usukani, ukitafuta ufa au rangi iliyopasuka. Inua gurudumu, lizungushe, utazame kama linapepesuka linapopita kwenye breki. Kisha lishike na kulitikisa kulia na kushoto. Likicheza, gololi za haba, yaani kitovu cha gurudumu, zimelika. Fanya vivyo hivyo kwa pedali.

Mwisho pima cheni. Cheni mpya ina urefu wa inchi 12 kamili kwa kila pini 24, ukihesabu nafasi na si vichwa vya pini. Weka rula katikati ya pini moja. Kama pini ya inchi 12 imevuka alama kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni. Ikivuka kwa sehemu ya nane, gia za nyuma nazo zimeshakwisha, na hiyo ni gharama ya kuipunguza kwenye bei mnayopatana.

Hatua ya pili: iendane na mwili wako

Urefu wa kiti ndio unaoamua kama magoti yatauma. Kaa, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuegemea upande. Ukianza kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litakuwa limekunjika kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nimeona vijana wengi wakipanda mlima na kiti cha chini kama cha mtoto. Wanachoka kwa juhudi inayopotelea kwenye magoti. Wekea alama ya kalamu kwenye bomba la kiti, kwa sababu kabla ya mteremko mrefu utakishusha sentimita chache, kisha utakirudisha.

Upepo wa tairi ndio unaosahaulika zaidi. Mafundi wa barabarani wamezoea kujaza hadi tairi ligeuke jiwe, na kwenye lami hilo halina neno. Kwenye kokoto na mizizi tairi gumu linaruka badala ya kushika ardhi. Kwa tairi pana lenye tyubu, psi 25 hadi 35 ndiyo kiasi (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo). Mwenye mwili mwepesi abaki chini, mzito apande. Usipokuwa na kipimo, kaa juu ya baiskeli: tairi livimbe kidogo pale linapogusa chini, lakini ukipita juu ya jiwe usisikie rimu ikigonga. Rimu ikigonga, tyubu hutoboka matundu mawili yaliyoongozana.

Helmeti si ya kujadili. Ikae sawa kichwani, ukingo wake ukiwa vidole viwili juu ya nyusi, kamba ibane kidevu kiasi cha kupitisha kidole kimoja. Ikishagongwa katika ajali moja kubwa, nunua nyingine hata kama haina ufa unaoonekana.

Hatua ya tatu: kupanda

Hapa ndipo wengi huikatia tamaa Usambara, na hapa ndipo penye sehemu kubwa ya furaha yenyewe. Shida si mapafu. Shida ni kuanza kwa haraka.

Badilisha gia kabla mlima haujakubana. Ukingoja hadi miguu ilemewe, cheni itakwaruza, itagoma, na huenda ikaruka au kukatika. Punguza nguvu kwenye pedali kwa nusu sekunde unapobadilisha. Kisha chagua gia ambayo unaweza kuizungusha huku ukiongea sentensi nzima. Ukishindwa kuongea, umezidisha. Kigezo hiki ni bora kuliko mashine yoyote, na kina faida nyingine: mtu anayeweza kuongea anaweza kuitikia salamu, na huku utasalimiwa kila mita mia.

Mlima ukizidi ukali, sogea mbele ya kiti hadi karibu ukalie ncha yake, inamisha kifua, vuta viwiko chini. Gurudumu la mbele likianza kuinuka, bado uko nyuma mno. La nyuma likiteleza, umesogea mbele kupita kiasi. Kati ya hayo mawili kuna nafasi ya kiganja kimoja, na mwili utaitafuta wenyewe baada ya muda. Epuka kusimama juu ya pedali kwenye kokoto. Uzito unaondoka gurudumu la nyuma nalo linazunguka bure.

Kusukuma baiskeli si aibu. Mahali pengine njia inapanda kama ngazi, na aliyeshuka akatembea dakika tano hufika akiwa na nguvu kuliko aliyeng'ang'ania. Kunywa maji kidogokidogo, kama nusu lita kwa saa, na zaidi jua likiwaka.

Kuna zawadi ambayo kupanda peke yake huitoa. Kwa kasi ya kilomita sita au saba kwa saa unaona mashamba yalivyopangwa: kabichi na karoti bondeni penye maji, mahindi na maharage ubavuni, migomba na kahawa karibu na nyumba, miti ya matunda mipakani. Unamwona kinyonga akivuka njia na unapata muda wa kumpisha. Unasikia redio ya mtu ukiwa bado hujaiona nyumba.

Hatua ya nne: kushuka

Mwaka 1976, vijana wa Marin County, California, walianza kushindana kushuka mlima kwa baiskeli nzito za zamani zenye breki ya kukanyaga kinyumenyume. Breki hizo ziliwaka joto hadi grisi ndani ya haba ikaungua na kutoka moshi, na baada ya kila mteremko walilazimika kuzifungua na kujaza grisi mpya. Kutoka kwenye mashindano yale ndipo ilipozaliwa baiskeli ya milimani tunayoijua, na mwaka 1996 ikaingia Olimpiki pale Atlanta. Somo lao linatuhusu bado: kwenye mteremko mrefu, adui ni joto.

Kwa hiyo usiishike breki kidogo mfululizo kutoka juu hadi chini. Ibane kwa nguvu sekunde chache, punguza mwendo hasa, iachie ipoe, kisha bana tena. Rimu ikipata moto sana huweza kupasua tyubu, na diski iliyopata moto itakuunguza ukiigusa. Katika mteremko wa Lushoto kwenda Mombo, simama mara moja moja. Mandhari yenyewe ni sababu ya kusimama hata kama breki hazijapata moto.

Tumia breki zote mbili kwa pamoja, kidole kimoja au viwili kila upande, vidole vingine vibaki kwenye mpini. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, na wanaoiogopa hutegemea ya nyuma peke yake hadi gurudumu linajifunga na kuteleza. Jifunze kwenye uwanja wa shule kwanza: endesha polepole, bana ya mbele taratibu huku ukirudisha makalio nyuma. Rudia hadi hofu iishe.

Mkao wa kushuka ni huu. Simama juu ya pedali zikiwa usawa, moja mbele na moja nyuma. Magoti na viwiko vilegee. Makalio yarudi nyuma ya kiti kadiri mteremko unavyozidi. Macho yatazame mita tano hadi kumi mbele, si kwenye gurudumu. Jambo hili la macho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu baiskeli huenda unakotazama: ukilikazia jiwe macho, utaligonga. Tazama nafasi iliyo kando ya jiwe.

Kona ikikaribia, maliza kupunguza mwendo kabla hujaingia, kisha achia breki na uinamishe baiskeli, pedali ya nje ikiwa chini. Mizizi ivuke kwa pembe ya mraba. Ukiipitia kwa mshazari, hasa ikiwa na unyevu, itakulaza. Kwenye mchanga shikilia usukani ulegee na uendelee kukanyaga. Kwenye korongo lililochimbwa na maji katikati ya njia, chagua upande mmoja mapema na ubaki huo huo.

Nina jambo la kuomba kuhusu gurudumu la nyuma linaloteleza. Vijana hupenda kulifunga makusudi ili vumbi liruke. Usambara haiwezi kuyabeba hayo. Udongo wa miteremko hii unaporomoka kwa urahisi, na watu wamehangaika nao kwa vizazi: miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta, wakulima wakapinga vikali mzigo wa kazi hiyo, na baada ya uhuru ikaja miradi mingine ya kupanda miti na majani ya kuzuia mmomonyoko. Mfereji mdogo unaouchora kwa tairi mwezi wa Februari huwa mkondo wa maji mwezi wa Aprili. Anayeshuka kwa gurudumu linalozunguka hushuka salama zaidi na huacha njia kama alivyoikuta. Kwa sababu hiyohiyo usikate kona kwa kupita juu ya tuta la mtu.

Hatua ya tano: adabu za njiani

Njia unayoifurahia wewe ni ya mtu anayekwenda shambani. Ukimwona mama amebeba kuni au ndoo kichwani, yeye hawezi kugeuka haraka. Punguza mwendo ukiwa mbali, sema kwa sauti ya kawaida "Hodi mama, naomba kupita," na ungoja akupishe. Kengele ya ghafla nyuma ya mgongo wake ni ukosefu wa heshima na ni hatari. Kwenye njia nyembamba ya mteremko, mwenye mzigo ana haki ya kwanza, halafu anayepanda, wewe unayeshuka uwe wa mwisho.

Wazee wapewe shikamoo yao, na kama njia inaruhusu, shuka chini uitoe ukiwa umesimama. Utapoteza dakika mbili. Mara nyingi utapata kuambiwa kwamba daraja la mbele limevunjika, au kwamba ipo njia nzuri zaidi upande wa pili wa mto, na habari hiyo huipati kwenye simu. Watoto watakukimbilia wakishangilia. Wapungie, lakini usiwaache washike kiti au mizigo ukiwa kwenye mwendo, na usigawe pipi wala fedha njiani, maana unawafundisha kuwakimbilia waendesha baiskeli hata penye kona mbaya.

Vijiji vingi vina Waislamu na Wakristo wanaoheshimu mavazi. Kaptura inayofika gotini na shati lenye mikono vinatosha, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Omba kabla ya kupiga picha ya mtu, nyumba au kaburi. Mbuzi wakiwa njiani simama kabisa. Akikimbia mmoja, wote watamfuata, pengine hadi kwenye mboga za jirani.

Ndani ya msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, lipa kiingilio na uulize getini njia zipi zinaruhusu baiskeli. Mara ya kwanza chukua mwongozaji wa hapohapo Lushoto. Utalipia ujuzi wa njia, na fedha hiyo inabaki kwa watu wanaoziishi njia hizi.

Hatua ya sita: mkoba, na pancha ya kwanza

Mkoba uwe mdogo. Ndani yake: tyubu moja ya akiba, viraka na solusheni, vijiti viwili vya kung'olea tairi, pampu inayolingana na valvu yako, spana za pembe sita, kiungo cha akiba cha cheni, bandeji na dawa ya vidonda, koti jepesi la mvua, tochi, fedha taslimu za noti ndogo. Chakula usibebe kingi. Ndizi na karanga zinatosha kufika kijiji kinachofuata, na huko kuna chai, chapati au makande.

Pancha itakuja, na ni vizuri uizibe mwenyewe angalau mara moja nyumbani kabla ya safari. Fanya hivi:

1. Geuza baiskeli juu chini, au ilaze upande usio na gia. Ikiwa ni gurudumu la nyuma, hamisha kwanza cheni kwenye gia ndogo kabisa ya nyuma. Kisha fungua gurudumu ulitoe.
2. Toa upepo wote, ng'oa tairi upande mmoja tu, anzia mbali na valvu.
3. Vuta tyubu, ijaze upepo kidogo, isogeze karibu na mdomo au sikio utafute inapopumua. Ukishindwa, iloweshe kwenye maji utazame mapovu.
4. Pitisha vidole polepole ndani ya tairi ukitafuta mwiba au kipande cha chupa. Asiyefanya hivi hutoboa tena baada ya mita mia mbili.
5. Sugua mahali pa tundu kwa msasa hadi pakwaruke, paka solusheni kwa wembamba kuzidi ukubwa wa kiraka, na ungoja ikauke hadi isinate kidoleni. Kungoja huku ndiko kunakoshikisha kiraka, kwa hiyo usiharakishe.
6. Bandika, kandamiza kwa dakika moja, rudisha tyubu ikiwa na upepo kidogo ili isijikunje, kisha rudisha tairi kwa mikono ukimalizia kwenye valvu, ujaze upepo na ulirudishe gurudumu.

Kabla ya kuondoka mwambie mwenyeji wako njia unayopita na saa unayotarajia kurudi. Mtandao hupotea kwenye mabonde. Namba ya dharura ni 112, na Lushoto mjini kuna hospitali ya wilaya. Mwenzako akianguka na kugonga kichwa, kisha akasahau mambo, akatapika au akaona kizunguzungu, safari yake ya baiskeli imeishia hapo hata akisisitiza kwamba yuko sawa. Mtafutieni usafiri.

Hatua ya saba: njia tatu, kwa mpangilio wa ugumu

Kufika, mabasi ya moja kwa moja yapo kutoka Dar es Salaam, Tanga na Arusha. Patana bei ya baiskeli na kondakta kabla haijaingia kwenye buti, fungua gurudumu la mbele, na ilaze upande wa gia ukiwa juu, vinginevyo gunia la mtu litakipinda kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni.

Siku ya kwanza nenda Irente, kwenye jabali linalotazama tambarare. Ni kilomita tano au sita kutoka mjini, ukipanda kwa upole kati ya nyumba na mashamba. Pita kwenye shamba la Irente, wanapouza jibini, jemu na mkate wao wenyewe, ule vizuri. Kiingilio cha kwenye jabali ni kidogo. Acha baiskeli mbali na ukingo, utembee. Chini yako tambarare imejitandaza, barabara ya Mombo ikionekana kama uzi, na ndipo utakapoelewa umepanda kiasi gani. Kurudi ni mteremko mfupi unaofaa kufanyia mazoezi ya breki.

Njia ya pili ni Magamba. Unapanda kutoka mjini bila kupumzishwa sana, halafu hewa inapoa na miti inakufunika. Mbega huonekana asubuhi, wakiruka na mikia yao mirefu, myeupe nchani. Endesha kimya humo. Njia huwa na majani makavu juu ya udongo wenye unyevu, kwa hiyo breki ya mbele itumike kwa ulaini. Tenga siku nzima, na uwe umetoka msituni ifikapo saa 10 alasiri, kwa sababu ukungu hushuka haraka.

Njia ya tatu ni Mtae, na kwangu hakuna inayoizidi. Ni takribani kilomita 60 kupitia Magamba, Lukozi na Sunga, nyingi zikiwa za vumbi, zenye kupanda na kushuka kusikokwisha. Igawe kwa siku mbili isipokuwa una miguu iliyokomaa. Lukozi kuna soko kubwa la mboga. Ikiwa ni siku ya soko, malori yatakuwa mengi barabarani, kaa pembeni. Mtae imekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, na hali ya hewa ikiwa safi unaona tambarare za Mkomazi, Milima ya Upare, na pengine Kilimanjaro. Fika mapema ili upate muda wa kuosha cheni, kuifuta, kuipaka mafuta tone kwa kila kiungo, na kukaza skrubu zilizolegezwa na mtikisiko. Anza na zile za usukani na kiti.

Agiza chakula cha jioni kabla ya kwenda kuoga, maana kitapikwa kwa ajili yako. Ukiamua kurudi kwa gari, mwulize mwenyeji usiku huohuo: mabasi ya kwenda Lushoto huondoka alfajiri, na baiskeli inatakiwa iwe kituoni kabla abiria hawajajaa.